Kabla ya kulaumu kampuni, uulize ukuta wako

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi kuna chumba kimoja ambacho intaneti imekisusa. Aghalabu huwa ni kile cha nyuma kabisa, au kile cha juu ghorofani karibu na tangi la maji. Sebuleni baba anatazama kandanda bila picha kukwama hata mara moja, ilhali kijana wa chuo kikuu aliye chumbani mwake hawezi kumsikia mhadhiri wake kwa dakika mbili mfululizo. Mwishowe kijana huyo hubeba tarakilishi yake na kuja kuketi sebuleni, katikati ya makelele ya televisheni, wageni na wadogo zake, na hapo ndipo anapotarajiwa kufanya mtihani.

Jambo hili si dogo. Tangu Machi 2020, shule zilipofungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, familia nyingi zilijifunza kwa lazima kwamba nyumba yaweza kuwa darasa na vilevile ofisi. Watoto walirudi shuleni, lakini mazoea yakabaki. Kazi za chuo hutumwa kwa mtandao, mahojiano ya kazi hufanywa kwa video, na wapo wazazi wanaojipatia unga wa watoto papo hapo mezani pa nyumbani. Intaneti ikikatika katikati ya mahojiano, anayekuhoji hajui kama ni ukuta au ni uzembe. Yeye anaona tu kwamba umetoweka.

Wengi wetu, hali ikiwa hivyo, hukimbilia simu na kuifokea kampuni inayotuuzia intaneti. Kampuni nayo, kwa upole mwingi, hutushauri tuchukue kifurushi kikubwa zaidi. Hesabu mwenyewe, msomaji: ukiongeza shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka umetoa shilingi 12,000, na huenda chumba kile bado kikabaki vile vile. Kwa nini? Kwa sababu kifurushi hukoma kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta hadi kitandani mwa mwanao, hiyo ni safari yako wewe, si ya kampuni.

Inafaa tukumbuke intaneti hiyo imetoka wapi. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Ule wa TEAMS peke yake watoka Fujairah, katika Muungano wa Falme za Kiarabu. Baadaye faiba ikapanda bara, ikaingia mitaani, hata milangoni mwetu. Basi ni ajabu iliyoje kwamba kitu kilichovuka bahari kwa maelfu ya kilomita kinashindwa na mita kumi za mwisho ndani ya nyumba!

Ukuta ndio mshukiwa

Tuangalie nyumba zenyewe. Chukua mfano wa zile nyumba za ghorofa moja za Buruburu jijini Nairobi. Sebule iko chini, vyumba vya kulala viko juu, na kati yao kuna sakafu ya zege yenye vyuma ndani yake. Wenyeji wengi wameongeza vyumba nyuma, kwa hivyo ukuta uliokuwa wa nje sasa uko katikati ya nyumba. Kwingineko mjini kuta ni za mawe ya kuchongwa, mazito na manene. Ni kuta nzuri sana za kumzuia mwizi, na kwa bahati mbaya huyazuia pia mawimbi ya waifai.

Mawimbi hayo kwa kawaida husafiri katika masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta afadhali kidogo, lakini katika majumba ya kupanga husongamana na ya majirani, mithili ya matatu zote zinapotaka kuingia kituo kimoja. Yale ya 5 yana kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakikutana na jiwe au zege. Milango ya chuma, vioo vikubwa vya kujitazamia na friji pia si marafiki wa mawimbi.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya uchunguzi. Chukua waya wa mtandao, ule ambao aghalabu huja pamoja na ruta, uunganishe tarakilishi moja kwa moja, kisha pima kasi kwa mojawapo ya programu za bure. Kama huna waya, simama na simu mita moja kutoka kwenye ruta. Andika namba hiyo. Kisha nenda katika chumba chenye matatizo, funga mlango kama kawaida, na upime tena. Fanya hivyo asubuhi, na urudie saa mbili usiku wakati mtaa mzima umo mtandaoni.

Tuseme unalipia megabiti 20 kwa sekunde. Ukipata 19 karibu na ruta na 2 chumbani, mwenye makosa ni ukuta, na tiba iko mikononi mwako. Ukipata 3 pale pale kwenye ruta, basi hapo unayo haki ya kupiga simu, na namba ulizoandika zitakusaidia kuliko matusi. Hakuna kifaa cha dukani kitakachoongeza kile ambacho hakikuingia nyumbani.

Anza na dawa za bure

Ikiwa ukuta ndio tatizo, anza na tiba isiyo na gharama. Ruta nyingi huwekwa pale ambapo fundi aliona ni rahisi kutoboa ukuta, yaani pembeni kabisa mwa nyumba, nyuma ya televisheni, na mara nyingine sakafuni. Iinue, itoe kabatini, isogeze karibu na katikati ya nyumba kadiri waya wake utakavyoruhusu, na iwe mbali na oveni ya maikrowevu, ambayo hutumia masafa yale yale ya 2.4. Wapo waliomaliza shida yao kwa njia hii tu.

Tiba ya pili ni waya wenyewe. Waya wa mtandao waweza kubeba intaneti hadi mita 100 bila kuchoka, haujali ukuta, na si ghali. Kama nyumba ni yako na hujali kutoboa, usitafute kingine. Taabu ni kwamba wengi wetu ni wapangaji, na si kila mwenye nyumba atakayefurahi kuona matundu katika kuta zake.

Tiba ya tatu ni kile kifaa kidogo cha kurudia mawimbi ya waifai. Hiki hufaa, lakini wengi hukiweka chumbani mle mle ambamo mawimbi ni dhaifu. Kifaa hicho hakiwezi kurudia kile ambacho hakikusikia. Kiweke katikati ya njia, na ujue kwamba vile vya bei rahisi aghalabu hupunguza kasi kwa karibu nusu, kwa kuwa husikiliza na kusema kwa zamu.

Sasa ipo tiba ya nne, nayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu wiki hii, kwa sababu watu wengi hawaijui. Nyumba yako tayari ina nyaya zinazofika kila chumba, zilizopita ndani ya kila ukuta bila wewe kutoboa chochote. Nyaya hizo ni za stima.

Ngoma na zumari katika waya mmoja

Kuna adapta ambazo huuzwa mbili mbili. Moja huchomekwa katika soketi iliyo karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa waya mfupi wa mtandao. Ya pili huchomekwa katika soketi ya chumba kile cha mbali. Intaneti huingia katika adapta ya kwanza, husafiri ndani ya nyaya za stima, na kutokea katika ya pili. Hapo unaiunganisha tarakilishi kwa waya, au, ikiwa umenunua ile yenye waifai, hutoa mawimbi mapya kabisa ndani ya chumba hicho.

Je, stima na intaneti haziwezi kuchanganyika zikaharibu mambo? Hapana. Fikiria harusi ambapo ngoma kubwa na zumari zinapigwa pamoja. Hewa ni moja, lakini sikio halishindwi kutenganisha mngurumo mzito wa ngoma na sauti nyembamba ya zumari. Stima yetu ya volti 240 ni ngoma: hupiga mara 50 kwa sekunde. Adapta nazo ni zumari: hutumia masafa ya kuanzia megahezi 2 hadi 30 hivi, na zile za kisasa hupanda hata 86. Adapta iliyo upande wa pili huyaacha yale mapigo mazito yapite na kushika yale membamba tu.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1997 kampuni za Nortel na Norweb zilitangaza mpango wa kuwauzia watu intaneti kupitia nyaya za stima za mtaani mjini Manchester, Uingereza. Kufikia mwaka wa 1999 mpango huo uliachwa. Lakini kile kilichoshindikana barabarani kilifaulu ndani ya nyumba. Mwaka wa 2000 makampuni kadhaa yaliungana kutafuta kanuni moja ya adapta za nyumbani, na kanuni ya kwanza, iliyoitwa HomePlug 1.0, ilitoka mwaka wa 2001 ikiwa na kasi ya juu ya megabiti 14. Mwaka wa 2005 ikaja HomePlug AV yenye 200, na baadaye zikafuata zinazojiita 500, 600, 1,000 na kuendelea.

Zingatia neno hilo, "zinazojiita". Namba iliyo kwenye sanduku ni ya maabara, wala si ya nyumbani kwako. Usishangae adapta iliyoandikwa 1,000 ikikupa sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho, au hata chini yake nyaya zikiwa za zamani. Tena zipo zilizoandikwa 600 ambazo tundu lao la waya haliwezi kupitisha zaidi ya 100. Lakini usikate tamaa. Ikiwa kifurushi chako ni cha megabiti 20, na adapta ikakufikishia 40, hujapungukiwa na kitu. Unachotafuta ni kufikishiwa kile ulicholipia.

Pale zinapokataa kufanya kazi

Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, na hapa upishi huvunjwa mara nyingi na ekstensheni. Adapta ni sharti ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani. Ukiichomeka katika ekstensheni, pamoja na pasi na chaja nne, itababaika. Mbaya zaidi ni kile kifaa cha kukinga televisheni au friji dhidi ya stima inayopanda na kushuka ghafla, ambacho wengi wetu hukiita gadi. Kazi ya vingi kati ya vifaa hivyo ni kuchuja kila kisichofanana na stima safi, na kwa macho yake intaneti ni uchafu. Ataichuja hata isibaki.

Hapo basi pana mtego, kwa maana adapta iliyo ukutani peke yake haina kinga. Stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo, nawe wajua ni vifaa vingapi vimeungua kwa njia hiyo. Shauri langu ni mawili. Kwanza, nunua adapta ambayo ina soketi usoni mwake, ili gadi na televisheni zichomekwe juu yake, wala si yeye juu ya gadi. Pili, stima ikipotea, au mvua ya radi ikianza, zichomoe zote mbili hadi mambo yatulie. Ni tabia ndogo, lakini huokoa pesa.

Kelele pia zipo ndani ya nyaya. Blenda, mashine ya kukausha nywele, mashine ya kufua na chaja zile za bei ya kutupa huingiza vurugu katika waya. Kama intaneti huzorota kila mama anaposaga matunda, si uchawi. Hamisha adapta hadi soketi nyingine, kwa sababu hata mita mbili zaweza kuleta tofauti. Kadhalika, ikiwa nyumbani kuna mzee anayependa redio ya masafa mafupi, usiweke adapta kando ya redio yake, kwani hutumia masafa yanayokaribiana na huenda asisikie ila mvumo.

Jambo jingine ni jinsi stima ilivyogawanywa. Adapta mbili husikilizana vizuri zikiwa chini ya mita moja na sanduku moja la fyuzi. Nyumba kubwa nyingine huwa na stima ya fezi tatu, na adapta moja ikiwa katika fezi hii na nyingine katika ile, huenda zisionane, au zionane kwa shida. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba cha uani kilichopewa mita yake. Muulize fundi wa stima anayeijua nyumba, na kamwe usifungue sanduku hilo mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Na stima ikipotea? Hapa niseme wazi ili usije ukadanganywa na mwuzaji. Wengi wamenunua betri ndogo za kuifanya ruta iendelee kuwaka wakati wa giza. Hizo zitaiokoa ruta, na waifai ya sebuleni itaendelea, lakini adapta zitanyamaza kwa sababu hazina stima ya kuziwasha. Mwenye mtihani wa mtandaoni ni lazima awe na mpango wa pili: kuhamia karibu na ruta, au kuwa na data katika rununu.

Jirani asije akaingia

Msomaji unayeishi katika majumba ya kupanga, sikia hili kwa makini. Ukuta wa chumba chako sio mwisho wa waya wako. Mahali penye mita ndogo ndogo zilizotoka katika mstari mmoja, mawimbi ya adapta yaweza kupenya hadi kwa jirani. Jirani akiwa na adapta za aina moja na zako, na nyote mkiwa mmeziacha zilivyotoka kiwandani, zaweza kuungana bila yeyote kukusudia. Atatumia intaneti unayoilipia, na pengine kufikia vifaa vilivyomo katika mtandao wako.

Kinga yake ni rahisi. Adapta hizi huyafumba mawasiliano yao kwa ufunguo wa siri, na nyingi zina kitufe cha kutengeneza ufunguo mpya. Zichomeke zote mbili ukutani katika chumba kimoja, bonyeza kitufe cha ya kwanza, na kabla dakika mbili hazijaisha bonyeza cha pili. Taa zikitulia, zimeshaelewana. Ndipo uipeleke moja chumbani. Usiache hatua hii ati kwa kuwa zilifanya kazi zenyewe ulipozichomeka mara ya kwanza.

Dukani

Ukienda kununua, iwe ni barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwingineko, nenda ukiwa na mambo matano kichwani. Mosi, ziwe na pini tatu kama plagi zetu na ziweze kuhimili volti 240. Zilizotengenezewa Uingereza hutufaa, lakini zile za Marekani zina plagi tofauti kabisa. Pili, zote mbili ziwe za kanuni moja, kwa maana zile za HomePlug AV haziongei na zile za kanuni nyingine iitwayo G.hn, hata zikifanana kwa sura. Tatu, jihadhari na mitumba ya zamani yenye kasi ya 14 au 85. Nne, zile za kawaida zina tundu la waya tu, kwa hivyo anayetaka kutumia simu chumbani achague yenye waifai. Tano, na hili ndilo kubwa, kubaliana na mwuzaji kwa maandishi kwamba utazirudisha zikishindwa. Hakuna anayeweza kuapa, akiwa dukani, jinsi nyaya za nyumba yako zitakavyokuwa. Kama unaye rafiki aliye nazo, ziazime kwa jioni moja uzijaribu kwanza.

Usihofu sana gharama ya stima. Adapta mbili zikila wati 3 kila moja, usiku na mchana kwa siku 30, zitakuwa zimetumia uniti 4 na kidogo. Nyingi hupumzika zenyewe tarakilishi ikizimwa. Zikipata joto kiasi, hilo ni la kawaida, ila usizifunike kwa pazia wala kuzichomeka katika soketi iliyolegea. Soketi inayotoa cheche ni ya kuitiwa fundi leo, iwe una intaneti au huna.

Mwisho, wazazi wenzangu, kuna jambo ambalo halina uhusiano na adapta. Kama baada ya majaribio yote utaona kwamba mahali pazuri pa intaneti ni pamoja tu, basi kaeni kama familia mwamue ni nani mwenye haki ya mahali hapo na saa ngapi. Mwanafunzi mwenye mtihani saa nne hana budi kumtangulia mwenye filamu saa nne. Uamuzi huo haununuliwi Luthuli, na hauhitaji stima.

Leo jioni, basi, chukua kalamu na karatasi, upime kasi karibu na ruta, upime chumbani, na uandike namba zote mbili. Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.